Je, wajua kwa nini mwenye mgahawa wa McDonald's hulipa hata asipopata faida?

Muuza chipsi wa Ngamiani, Tanga, akishalipia viazi vya Lushoto, mafuta, mkaa, mayai, kijana wa kukaanga na kodi ya fremu, kinachobaki ni chake. Mwenye mgahawa wa McDonald's nchini Marekani hana nafasi hiyo, kwani jina analouzia amelikodi, kwa kawaida kwa mkataba wa miaka 20, na malipo yake hukatwa kabla faida haijajulikana.

Ada ya kuingia ni dola 45,000, na mwombaji hutakiwa awe na angalau dola 500,000 zisizo za mkopo. Ada hiyo hulipwa ikaisha. Kisichoisha ni asilimia 5 ya mauzo ambayo migahawa mipya hutozwa tangu 2024, pamoja na asilimia 4 au zaidi ya mauzo hayo kwa ajili ya matangazo.

Ni asilimia ya mauzo, wala si ya faida. Tuseme yule muuza chipsi ameuza kwa shilingi 500,000 na, baada ya gharama zote, amebakiwa na 60,000: asilimia 9 ya mauzo ni 45,000, kwa hiyo mfukoni hubaki 15,000. Siku akibakiwa na 40,000, anadaiwa 5,000.

Kampuni huchagua mauzo kwa sababu husomeka kwenye mashine ya kaunta, ilhali faida ina ubishi, maana mwenye mgahawa aweza kuandika mshahara wa shemeji na mafuta ya gari lake kuwa gharama. Hoja hiyo naiona ya haki. Tatizo ni kwamba punguzo la bei linalojaza wateja huongeza fungu la kampuni hata pale mwenye mgahawa anapouza kwa hasara.

Tena kuna kodi ya jengo. Mwaka 1956 Harry Sonneborn, msaidizi wa Ray Kroc, aliyeikuza McDonald's, alianzisha utaratibu wa kampuni kumiliki au kukodi kiwanja, kisha kumpangisha mwenye mgahawa. Hadi leo kodi huiingizia McDonald's fedha nyingi kuliko ile asilimia ya jina.

Chick-fil-A, kampuni nyingine ya Marekani yenye migahawa ya kuku, hutoza dola 10,000 tu mlangoni na hugharimia jengo na vifaa, lakini huchukua asilimia 15 ya mauzo na nusu ya faida inayobaki, na mwendeshaji hawezi kuuuza mgahawa huo wala kuurithisha wanawe.