Kiima sio jina lingine la mtenda

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, juzi kaja na daftari la Kiswahili kanuna kabisa. Swali lilikuwa taja kiima cha sentensi "Nyumbani kwa shangazi kumeingia wezi". Kaandika "nyumbani kwa shangazi", mwalimu kakata kwa kalamu nyekundu na pembeni kaandika "wezi, ndio waliotenda". Mtoto ananiuliza mjomba sasa nimekosea wapi, na mi nikawa najua kabisa hajakosea popote. Hii habari ya kiima ni mtenda nimeiskia mara nyingi mno, shuleni, redioni, kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wanaopenda lugha, kwaio leo naiandika.

Maana yenyewe haichukui muda. Ukitamka kitenzi kuna tabaka tatu zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni washiriki ambao kitenzi kinawadai kwa maana yake: "pika" inadai mtu wa kupika na kitu cha kupikwa, "ingia" inadai anayeingia na mahali pa kuingia. Hapo ndo tunasema mtenda, mtendwa, mfaidika, mahali. Ya pili ni kazi za kisarufi: kiima, yani kile ambacho kiambishi cha mwanzo cha kitenzi kinapatana nacho, yambwa, kama "mpira" kwenye "anacheza mpira", na chagizo, maneno ya ziada ya lini, wapi au vipi. Ya tatu ni virai, yani makundi ya maneno, na mpangilio wake, ile michoro ya matawi tuliyochora wote, sentensi inagawanyika kirai nomino na kirai kitenzi na kuendelea. Tabaka hizi zina kanuni za kuziunganisha, na ukiona kitu kinahitaji kuunganishwa na kingine ujue ni viwili.

Sasa kosa linakuja kwa njia mbili. Kuna wanaochukua kiima wakakibandika kwenye tabaka ya kwanza, kwamba ni mtenda. Na kuna wanaokibandika kwenye ya tatu, kwamba ni kile kirai kinachokaa kushoto mwa kitenzi. Hawa wa pili ni rahisi kuwajibu. "Juma nimemwona sokoni", Juma yuko mwanzo kabisa, ila aliyeona ni mimi, kiima ni ile "ni-", Juma ni yambwa aliyetangulizwa tu kwa sababu ndo tunayemzungumzia. Halafu "Wamekuja wageni", kiima kiko kulia na hakuna aliyewahi kulalamika. Bas.

Wa kwanza ndo wananiumiza, kwa sababu wanaonekana wana hoja. Mtu anakwambia mbona hata Kiarabu wanaita fa'il, na fa'il maana yake si mtenda? Ni kweli, neno linatoka kwenye kufanya, ndo hilohilo la fiili. Lakini waliokaa madrasa wakasoma nahau, nahau kwa maana yake ya zamani yani sarufi, wanajua hadithi haiishii hapo. "Maata Zaidun", Zaidi amekufa, Zaidi ni fa'il na hajatenda chochote maskini, kifo kimemkuta. Na ukichukua "kataba lwaladu ddarsa", mtoto ameandika darsa, ukaigeuza iwe "kutiba ddarsu", darsa limeandikwa, angalia mwisho wa neno: ilikuwa darsa, imekuwa darsu, imevaa dhamma, ile irabu u ya mwisho, ileile aliyokuwa nayo mtoto (waladu). Wanasarufi wa zamani walikiita kitu hiki mtendwa ambaye mtenda wake hakutajwa, jina refu lakini la kweli, na baadaye ikaenea istilahi fupi, naibu wa fa'il. Naibu! Hili hili la naibu waziri na naibu spika. Yani mamia ya miaka iliyopita watu walishaona kwamba kuna kiti na kuna anayekikalia, mwenyewe asipokuwepo naibu anakaa, anapata heshima zote za kiti, lakini hageuki kuwa yule mwenyewe. Darsa halijaandika kitu, limekaa tu kwenye kiti cha mwandishi. Kwaio anayeleta fa'il kama ushahidi kwamba kiima ni mtenda kasoma mlango mmoja akaacha unaofuata.

Kiswahili ndo kabisa, maana kitenzi chetu kinatangaza kiima chake chenyewe kwa kiambishi cha mwanzo. "Ugali umeliwa", u- ni ya ugali. "Ndoo imejaa maji" na "Maji yamejaa ndooni", ndoo ileile maji yaleyale, kiima tofauti. "Chumba hiki kinalala watu wanne", kila mtu anajua chumba hakilali, wanaolala ni watu, lakini sikiliza kitenzi: ki-. Na kama bado una wasiwasi weka "kuwa" mbele, "chumba hiki kilikuwa kinalala watu wanne", vitenzi viwili na vyote vimeshika ki-. Fanya hivohivo kwa sentensi ya mpwa wangu, "nyumbani kwa shangazi kulikuwa kunaingia wezi", ku- na ku-. Ukitaka wezi wawe kiima unasema "wezi walikuwa wanaingia nyumbani kwa shangazi", na hiyo ni sentensi nyingine, hata ukiiskia unahisi inakujibu swali lingine.

Na sentensi za aina hii sio uchafu wa mtaani kama wengine wanavodhani. Mwaka 1989 wanaisimu Joan Bresnan na Jonni Kanerva waliandika uchunguzi mzima juu ya sentensi hizi katika Kichewa cha Malawi, za mtindo wa "kijijini kumekuja wageni", wakaonyesha kwamba mahali pale ndo kiima chenyewe, sio pambo la mbele. Bresnan ndiye aliyeanzisha pamoja na Ronald Kaplan nadharia inayoziweka hizi tabaka tatu mbalimbali kisha inaeleza zinavounganishwa, na lugha za Kibantu zimeibeba sana hiyo kazi. Muunganiko wenyewe ukiutoa kwenye hesabu zake ni kama foleni ya kugombea kiti: mtenda akiwepo kwa kawaida anakaa yeye kwenye kiima, ukimzuia kwa -w- ya kutendwa mwingine anapanda, na kila kiti kina mkaaji mmoja, na kila mshiriki ana kiti kimoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kutendea. "Mama amempikia mtoto uji." Igeuze: "Mtoto amepikiwa uji", safi. Jaribu "Uji umepikiwa mtoto", hapo wengi wetu sikio linakataa. Lakini Kivunjo, Kichaga cha upande wa Vunjo, zote mbili zinapita, na wenyewe wanaweza hata kupachika viambishi viwili vya yambwa ndani ya kitenzi kimoja wakati sisi tunabanwa na kimoja tu. Lioba Moshi, Mtanzania, aliandika hili na Bresnan mwaka 1990. Angalia sasa: washiriki ni walewale, mama mtoto uji, na mpangilio wa virai unafanana, kitenzi kisha mfaidika kisha chakula. Kilichotofautiana ni nani anaruhusiwa kuwa yambwa kamili. Kama kiima na yambwa vingekuwa ni majina mengine tu ya mtenda na mtendwa, au ya kushoto na kulia, hii tofauti ya Kichaga na Kiswahili isingekuwa na mahali pa kukaa kabisa.

Mwalimu wa mpwa wangu simlaumu sana, vitabu vingi tulivyosomea vinaanza na "Juma anacheza mpira" na pale Juma ni mtenda, ni kiima, tena yuko kushoto, vyote vitatu kwa mpigo, sasa mtu atajuaje ni vitatu. Nimemwambia mtoto arudi na daftari kwa adabu aseme, mwalimu, wezi ndio walioingia, hapo uko sahihi, ila ile "ku-" ya kumeingia ni ya nani?