Rwanda 1994: serikali haikuwa imeanguka

Wengi husimulia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda kana kwamba dola liliporomoka, watu wakageuka wanyama. Sivyo. Dola lilikuwapo, tena likifanya kazi: viongozi wa wilaya waliitisha mikutano, wanajeshi na Interahamwe (wanamgambo wa Kihutu) wakaweka vizuizi barabarani, vitambulisho vilivyoandikwa kabila vikakaguliwa, redio RTLM, ya Wahutu wenye msimamo mkali, ikichochea chuki.

Ushahidi mzito kuliko wote, kwangu, ni Butare, mkoa wa kusini mwa Rwanda. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana (si yule rais, Habyarimana), alikataa kushiriki, na kwa takriban wiki mbili sehemu kubwa ya mkoa ikaepuka mauaji ya halaiki. Akaondolewa, baadaye akauawa. Aprili 19 rais wa mpito, Théodore Sindikubwabo, alikwenda kuhutubia huko. Siku chache hazikupita, maelfu wakaanza kuchinjwa.