Maji yaliyofichika si maji ya ziada

Chukua maji ya kilimo, jumlisha ya viwanda, kisha ongeza "maji yaliyofichika" ndani ya bidhaa, yaani yaliyotumika kuzizalisha. Hesabu hii, inayohesabu maji yale yale mara mbili, hujitokeza sana kwenye makadirio ya mahitaji ya maji ya kanda, na lawama huangukia modeli ya pembejeo na pato, ambayo haina hatia.

Modeli hiyo ni jedwali la kile ambacho kila sekta hununua kutoka sekta nyingine ili izalishe. Wassily Leontief alichapisha la uchumi wa Marekani mwaka 1936, na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Ukijua maji yanayotumika kwa kila kipimo cha pato, unakadiria yatakayohitajika uchumi ukikua. (Viwango hivyo huchukuliwa kuwa havibadiliki; kwa makadirio ya miaka 20, hiyo ni imani zaidi kuliko hesabu.)

Kinachovurugwa ni kwamba maji yale yale yana hesabu mbili. Moja huuliza nani aliyachota. Nyingine huuliza yalichotwa kwa ajili ya bidhaa ipi inayomfikia mnunuzi wa mwisho.

Tuseme kanda ina sekta mbili tu. Mashamba yanachota mita za ujazo milioni 80, viwanda vya kusindika chakula milioni 20, na mavuno yote huuzwa kwa viwanda hivyo. Hesabu ya kwanza inatoa 80 na 20. Ya pili inatoa 100 kwa chakula kilichosindikwa na sifuri kwa mashamba, maana mnunuzi wa mwisho hanunui shambani. Anayeandika 80 ya kilimo na 100 ya chakula, akapata 180, ameongeza milioni 80 ambazo hazikutoka mto wowote.

Kosa hilo lina sura ya kitaalamu zaidi: kuzidisha kizidishi kamili cha maji (maji yote yaliyochotwa, popote pale, kwa kila kipimo cha bidhaa inayomfikia mnunuzi wa mwisho) kwa pato lote la sekta. Kizidishi hicho tayari kimebeba maji ya wauzaji wote wa nyuma, hivyo huzidishwa kwa mahitaji ya mwisho peke yake, yaani kile anachonunua mnunuzi wa mwisho. Pato lote lina kiwango chake, kile cha moja kwa moja: maji ambayo sekta yenyewe inachota kwa kila kipimo cha pato.

Na viwanda vikinunua mavuno kutoka kanda nyingine, zile milioni 80 ni za bonde la huko. Hapa zinabaki 20.

Hesabu zote mbili ziwekwe kwenye ripoti, zinafaa. Ila kila moja ijumlishwe kivyake.