Biashara Yenye Sura ya Mwenyewe, Kama Inavyosomeka Katika Daftari la Hesabu

Kazi yangu ni kutunza na kukagua hesabu za biashara ndogo hapa Nairobi, nyingi zikiwa za watu wa Ngara, Kariakor, Gikomba na vichochoro vya River Road. Wengi wao wamekwisha kuambiwa, katika semina na katika video za simuni, kwamba siri ya kufanikiwa ni kuwa mkweli kwa nafsi yako, nao wameuchukua ushauri huo kama jambo la moyo tu: kuipenda kazi yako, kujiamini, kutojali maneno ya watu. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi husoma vitabu vya hesabu, na humo ukweli wa mtu kwa nafsi yake huonekana waziwazi kuliko anavyoweza kuueleza mwenyewe: katika watu anaowauzia, katika bei anayotoza, katika kazi alizozikataa na katika aina ya mikopo aliyochukua.

Nianze na bei, kwa sababu hapo ndipo wafanyabiashara wengi wa mjini hujipoteza bila kujua. Mteja wangu mmoja wa Ngara ni fundi wa nguo, mama aliyejijengea jina kwa kushona magauni ya wanawake wa makamo, ya kazini na ya kanisani. Majirani zake wa vibanda vya kushoto na kulia walipoanza kuuza magauni yaliyoshonwa ng'ambo kwa bei ya chini, naye alitenga nusu ya kibanda chake akajaza magauni hayo kutoka Eastleigh. Mauzo yakapanda, na kwa miezi kadhaa aliamini mambo yamenyooka, ingawa kila mwisho wa mwezi fedha za kulipia kodi ya kibanda zilikuwa haba kuliko zamani.

Maelezo ya hali hiyo ni ya hesabu tupu, nami nitayatoa kwa tarakimu za mfano. Chukua gauni la kushona linalouzwa shilingi 3,000, ambalo kitambaa, uzi, zipu na ujira wa msaidizi vimegharimu 1,900, linabakiza 1,100. Chukua pia gauni la tayari lililonunuliwa kwa 930 likauzwa kwa 1,000, linabakiza 70. Sasa ongeza kodi ya serikali. Tangu Julai 2023, biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 1 lakini hayapiti milioni 25 hutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 3, na kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo ghafi, si kwenye faida. Gharama zako hazihesabiwi hata kidogo. Gauni la kushona litalipa 90 kutoka kwenye 1,100, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichobaki. Gauni la tayari litalipa 30 kutoka kwenye 70, na hapo karibu nusu ya faida imekwenda KRA, mamlaka ya kodi, kabla hujamlipa mwenye jengo, kanjo (watu wa kaunti) wala mlinzi wa usiku. Kwa shilingi 40 zinazosalia, fundi huyu angelazimika kuuza zaidi ya magauni 25 ya tayari ili apate kile anachokipata kwa gauni moja la kushona, na magauni hayo 25 yanadai mtaji wa zaidi ya shilingi 23,000 mkononi, ilhali mteja wa gauni la kushona humwachia malipo ya awali yanayotosha kununua kitambaa.

Jirani yake hakuwa mjinga kuuza kwa 1,000. Alikuwa akinunua kwa jumla, kwa bei ambayo fundi asingeipata, na shilingi 1,000 zake zilikuwa na msingi. Fundi aliiga bei ya jirani bila kuwa na gharama za jirani. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika vitabu vya biashara ndogo za jiji hili, na ndiyo maana huwaambia wateja wangu kwamba kubaki na sura yako si anasa ya watu wenye mitaji mikubwa, bali ni namna ya kujikinga na hesabu za mtu mwingine.

Swali gumu zaidi ni hili: utajuaje ni kitu gani hasa kilicho chako? Mtu akijichunguza mwenyewe hujidanganya kwa urahisi, kwa hiyo mimi hupendelea kuwauliza wanunuzi wa duka lake kwa njia ya kumbukumbu zao za malipo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa ya kutumiana fedha, lakini leo taarifa ya tili ya Lipa na M-Pesa ni kitabu kizima cha historia ya duka, mradi mwenyewe hachanganyi tili hiyo na fedha za nyumbani. Tunachapisha taarifa ya mwaka, tunatia alama majina yanayojirudia, kisha mwenye duka anakumbuka kila mmoja wao hununua nini. Kwa fundi wa Ngara, karibu kila jina lililojirudia lilikuwa la mtu aliyeshonewa. Walionunua magauni ya tayari walipita njia na hawakurudi. Isitoshe, alikuwa na daftari lililochakaa lenye vipimo vya wateja wake wa miaka mingi, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, pamoja na maneno mafupi kama "hapendi kubanwa kwapani". Mhasibu hawezi kuliandika daftari hilo kati ya mali za biashara, lakini mshindani mwenye fedha mara kumi asingeweza kulinunua popote.

Si kwamba kubaki na sura yako ni kukataa mabadiliko. Wapo wanaojificha nyuma ya maneno "mimi ndivyo nilivyo" huku duka likifa, na hao nao nimezisoma hesabu zao. Mimi hutenganisha bidhaa na mteja: bidhaa inaweza kubadilika mara nyingi, ila kumbadilisha mteja unayemjua ni jambo la kufikiriwa kwa muda mrefu. Historia ya benki ya Equity inaeleza hili vizuri. Ilianzishwa mwaka 1984 kule Kangema, Murang'a, kama taasisi ya kukopesha watu fedha za nyumba. Kufikia mwaka 1993 madeni yalikuwa yamezidi mali, na Benki Kuu ikaihesabu kuwa imefilisika kwa mujibu wa vitabu. Waliyoibadilisha ni bidhaa: waliachana na mikopo ya nyumba ya muda mrefu wakaingia katika mikopo midogo ya muda mfupi. Mteja hawakumwacha, alibaki mkulima mdogo na mchuuzi, mtu yuleyule ambaye benki kadhaa kubwa za wakati huo zilikuwa zikimkimbia kwa kufunga matawi ya mashambani na kudai kima cha chini cha salio ambacho hakuwa nacho. Mwaka 2004 taasisi hiyo ikawa benki kamili, na mwaka 2006 hisa zake zikaingia katika Soko la Hisa la Nairobi.

Kukataa pia ni sehemu ya sura ya biashara, ingawa ni vigumu kumshawishi mtu mwenye kodi ya kibanda kichwani. Namjua mfanyabiashara wa Gikomba anayeuza mitumba ya watoto tu. Akifungua robota la nguo huchagua kamera, yaani nguo za daraja la juu, na zile zilizochakaa huziachia wauzaji wa fagia, yaani nguo za daraja la chini, siku hiyohiyo, hata kwa hasara ndogo. Wenzake humwona ana maringo. Mzigo wake huisha haraka, wateja wake hawapotezi muda kufukua, na mtaji haulali sakafuni; kwangu hiyo yatosha.

Mkopo nao una tabia yake, na tabia hiyo yafaa ilingane na mwendo wa biashara yako. Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wake wa mtu binafsi ulikuwa wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, wa kulipwa ndani ya siku 14. Riba hiyo ni nafuu, lakini siku hizo 14 zinamfaa mchuuzi wa soko la Marikiti anayeuza nyanya leo na kurudi kununua kesho kutwa, wala hazimfai mshonaji wa sare za shule anayenunua kitambaa Oktoba na kulipwa Januari. Anayekopa kwa kuwa jirani amekopa hujikuta akiuza mali yake kwa bei ya kutupa ili awahi tarehe ya mtu mwingine. Katika kiwango kikubwa, mji huu uliiona Nakumatt, kampuni ya supamaketi iliyoanza na duka la magodoro mjini Nakuru, ikifikisha matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki huku wasambazaji wakikaa bila kulipwa na rafu zikibaki tupu. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe.

Ukishajua sura yako, ilinde kisheria, jambo ambalo wengi huliacha hadi waibiwe. Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kunakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo, lakini hakukupi umiliki wa jina lenyewe kama alama ya biashara. Umiliki huo hutolewa na KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda, ambako kwanza hufanywa upekuzi wa alama zilizokwisha kusajiliwa, kisha maombi hutangazwa katika jarida lao na watu hupewa siku 60 za kupinga. Alama ikisajiliwa hudumu miaka 10 na inaweza kuhuishwa kila kipindi hicho kinapokwisha. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika makundi 45, na nguo zimo katika kundi la 25. Ukichagua kundi lisilokuhusu, ulinzi wako hautaifikia bidhaa unayoiuza. Ada zake nashauri ziwekwe katika bajeti mara tu watu wanapoanza kulitaja duka lako kwa jina wanapoelekezana, kwa sababu mwigaji husikia jina hilo wakati uleule wanapolisikia wateja.