Jezi ya Chupa za Plastiki Haijamaliza Kazi

Dhana: Jezi ikishatengenezwa kwa chupa zilizorejelezwa, tatizo limekwisha.

Ukweli: Chupa kwenye jezi si jambo geni. Kwenye Kombe la Dunia la 2010, timu za taifa zilizovaa Nike zilicheza na jezi zenye plastiki ya hadi chupa 8 kila moja. Mwaka 2016, Real Madrid na Bayern Munich nao wakavaa za Adidas zilizotokana na plastiki ya baharini. Ni hatua njema, kwa sababu poliesta (kitambaa cha plastiki kinachoshonewa jezi) iliyorejelezwa hutumia nishati kidogo kuliko inayoanzia kwenye mafuta ghafi. Ila chupa huweza kurudi kuwa chupa. Ikishageuka jezi, mara nyingi imefika mwisho wa safari.

Geuza jezi yako ndani nje uitazame. Nembo imebandikwa kwa joto, jina la mdhamini ni tabaka la plastiki ya aina nyingine, na huenda kwenye kola mna nyuzi zinazovutika. Kuvitenganisha vyote hivyo ni kazi ngumu na ya gharama, ndiyo maana ni jezi chache mno zinazorudi kuwa jezi. Halafu kila ukiifua, inaachia vinyuzi vya plastiki visivyoonekana kwa macho, iwe imerejelezwa au la.

Dhana: Msimu mpya lazima uje na jezi mpya.

Ukweli: Hakuna ulazima huo. Brentford ya Uingereza ilitangaza mwaka 2021 kwamba jezi yake ya nyumbani ingevaliwa misimu miwili mfululizo, na ikafanya hivyo. Mimi naiheshimu hatua hiyo kuliko kitambaa chochote kipya, maana klabu nyingi bado hutoa jezi tatu kila msimu: ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu.

Dhana: Uchafuzi mkubwa uko uwanjani, kwenye taa na nyasi.

Ukweli: Kwa kawaida hewa ukaa nyingi hutokana na safari, hasa za mashabiki. Kufikia mwaka 2015, klabu ya Forest Green Rovers ya Uingereza ilikuwa imeacha kuuza nyama uwanjani mwake, na nyasi zake zimewahi kukatwa na mashine inayotumia umeme wa jua. Nawapongeza kwa dhati. Lakini maelfu ya watu wakija kila mmoja na gari lake, faida hiyo inamezwa barabarani. Klabu nyingi za Ujerumani zina dawa nzuri: tiketi ya mechi ndiyo hiyo hiyo nauli ya treni na basi siku ya mchezo.

Dhana: Mashindano "yasiyoongeza kaboni" hayachafui.

Ukweli: Yanachafua, kisha waandaaji hununua hati za kufidia, yaani hulipia miradi ya kupunguza kaboni mahali pengine. FIFA iliinadi Qatar 2022 kwa sifa hiyo. Juni 2023 tume ya Uswisi inayosimamia maadili ya matangazo ikaamua kwamba madai hayo hayakuthibitishwa, na ikaitaka FIFA isiyarudie.