Jina la mtoto: anzeni na la tatu

Wazazi wakibishana juu ya jina la mtoto, hubishania la kwanza tu. Lakini kwenye karatasi za Tanzania mtoto ana majina matatu, na usumbufu mkubwa naona unatoka kwenye la mwisho.

Kuna taratibu mbili. Wengine hufuata mnyororo: jina la mtoto, la baba, la babu mzaa baba. Wengine humalizia na jina la ukoo, Mushi au Kimaro, hata kama babu aliitwa Aloyce. Zote zinakubalika. Balaa ni kuzichanganya: wa kwanza akaandikwa Neema Daudi Aloyce, mdogo wake Baraka Daudi Mushi. Baba mmoja, mama mmoja, ila ikifika siku ya mirathi karatasi haziwaonyeshi kuwa ndugu, na safari za kwa wakili kuandika viapo zinaanza. Chagueni utaratibu mmoja, na watoto wote wafuate huo huo.

Ndipo mje kwenye jina la kwanza. Mimba ikiwa na miezi saba hivi, kila mmoja aandike peke yake majina matano ya kike na matano ya kiume. Badilishaneni karatasi, kila mtu afute asiyoyataka bila kudaiwa sababu, ila asifute zaidi ya matatu kwa kila jinsia. Yanayobaki ndiyo ya kujadili.

Kama mila ya upande mmoja imeshapanga, msijidanganye kwamba mnachagua. Kwa Wakikuyu mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana huwarithi bibi zao kwa mpangilio huo huo. Mume Mkikuyu na mke Mdigo wakiliacha hilo mpaka leba, wataamua wakwe.

Jina la mkwe lina jambo lake jingine. Mama aliyelelewa kutotamka jina la baba mkwe hawezi kumfokea mtoto kwa jina hilo, kwa hiyo mtoto ataitwa Babu mpaka aanze shule, halafu mwalimu anaita orodha na yeye ametulia tu kama si yeye. Si vibaya kuwa na jina la nyumbani, ila mfundisheni na la kwenye cheti.

Mkishabakiza mawili, mtajieni kwa sauti mtu asiyelijua jina, aliandike. Fatma, Fatuma au Fatima? Khadija au Hadija? Akikosea yeye, karani naye atakosea. Ng'wanza hupoteza kitone chake kwenye kompyuta na kurudi Ngwanza. Abdul Rahman yakitenganishwa, fomu humeza Abdul kama jina la kwanza na Rahman kama la baba, na baba mwenyewe anasukumwa nafasi ya tatu. Liandikeni neno moja: Abdulrahman.

Majina kama Shida, Tabu na Mashaka nayaheshimu, yana historia. Lakini yanatangaza hali ya wazazi mwaka ule, na atakayeulizwa kila siku ni mtoto.

Kuhusu dini, Wakatoliki wengi hudhani lazima liwe jina la mtakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu lisiwe jina geni kwa hisia za Kikristo. Kwa Waislamu, akika ya siku ya saba, mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, ndiyo desturi ya kutangazia jina. Tatizo ni kwamba hospitali huuliza mapema kuliko hapo. Kwa hiyo mwende na jina limeandikwa kwa herufi kubwa, yote matatu, ndani ya kadi ya kliniki.

Tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali ya kuombea cheti cha kuzaliwa, lisomeni herufi kwa herufi mkiwa bado wodini, pamoja na majina yenu wenyewe yalingane na vitambulisho vya taifa vya NIDA. Sajilini RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, ndani ya siku 90. Zikipita, unakuwa usajili wa kuchelewa, wenye vielelezo zaidi. Na jina lililo kwenye cheti ndilo lipelekwe shule tangu siku ya kwanza, kwa sababu likishaingia kwenye vyeti vya mitihani vya NECTA likiwa tofauti, atakayehangaika nalo ni kijana anayeomba mkopo wa chuo kikuu.