Je, wajua kwa nini watu huona 666 kwenye kila bakodi?

Chukua pakiti ya maziwa, sukari au majani ya chai kutoka supamaketi, uigeuze nyuma. Itazame bakodi, ile mistari myeusi ambayo keshia huipitisha kwenye mashine mpaka ilie "pii". Utaona jozi tatu za mistari myembamba iliyoshuka chini kuliko mingine: moja mwanzoni, moja katikati na moja mwishoni. Jozi hizo ndizo zilizozaa ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya, ya waliosoma pamoja, hata ya vikoba: kila jozi ni 6, ukiziunganisha ni 666, kwa hiyo bidhaa imetiwa chapa ya mnyama anayetajwa katika Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia. Ndiyo maana rafiki yako anaweza kuipokea soda uliyomnunulia, akaigeuza, kisha akakurudishia bila kuifungua.

Kumcheka hakusaidii, kwa sababu anachokiona kipo kweli. Mistari miwili myembamba iliyokaribiana hufanana na 6 ya bakodi. Swali ni kwa nini inafanana, na je, mashine huisoma hivyo?

Tuanze na jinsi bakodi inavyochorwa. Aina iliyo kwenye bidhaa nyingi madukani kwetu ina tarakimu 13. Kipimo chake cha msingi ni upana wa mstari mwembamba kuliko yote, ambao kwa ukubwa wa kawaida ni milimita 0.33. Kila tarakimu inayochorwa hupewa vipimo saba, na ndani ya vipimo hivyo mna mistari miwili myeusi na nafasi mbili nyeupe, kila moja ikiwa na upana wa kipimo kimoja hadi vinne. Kinachotofautisha 3 na 8 ni upana wa mistari na nafasi tu, si umbo.

Sasa 6 inachorwaje? Inategemea imekaa wapi. Katika nusu ya kulia ni mweusi kipimo kimoja, mweupe kimoja, mweusi kimoja, kisha mweupe vipimo vinne. Yaani mistari miwili myembamba ikifuatwa na pengo pana. Nusu ya kushoto ina namna mbili. Ya kwanza ni mweupe kimoja, mweusi kimoja, mweupe kimoja, mweusi vinne: mstari mwembamba na mstari mnene, visivyofanana hata kidogo na zile jozi ndefu. Ya pili ni kama ya kulia iliyogeuzwa: pengo pana la vipimo vinne, halafu mistari miwili myembamba.

Jozi ndefu zenyewe si tarakimu. Ni mistari ya mpaka. Ile ya mwanzo na ya mwisho ni mweusi-mweupe-mweusi, kipimo kimoja kimoja, jumla vipimo vitatu. Ya katikati ni mweupe-mweusi-mweupe-mweusi-mweupe, jumla vitano. Kazi yake ni kuiambia mashine mambo mawili: namba inaanzia na kuishia wapi, na kipimo kimoja kina upana gani kwenye pakiti hii. Mashine haijui bakodi imechapwa kubwa au ndogo, wala umeipitisha haraka au polepole, kwa hiyo huhitaji rula kabla haijaanza kusoma. Rula nyembamba kuliko zote ni mstari mmoja, pengo moja, mstari mmoja. Mpaka wa katikati huigawa bakodi nusu mbili ili kila nusu iweze kusomwa peke yake, hata kama mwanga umepita kimshazari na kukata upande mmoja tu. Jumlisha: 3 za mwanzo, 42 za tarakimu sita za kushoto, 5 za katikati, 42 za kulia, 3 za mwisho. Unapata vipimo 95, na hakuna hata kimoja kilichobaki kwa ajili ya 6 za siri.

Mwenye shaka apewe haki yake hapa. Ukiangalia mpaka wa mwisho pamoja na sehemu nyeupe iliyo kulia kwake, unapata mistari miwili myembamba na pengo pana, sawasawa na 6 ya kulia. Ukiangalia mpaka wa mwanzo pamoja na weupe ulio kushoto kwake, unapata 6 ya kushoto ya namna ya pili. Lakini mpaka wa katikati unaiharibu hesabu nzima. Tarakimu za kushoto daima huishia na weusi, na za kulia daima huanza na weusi, kwa hiyo jozi ya katikati ina weupe wa kipimo kimoja tu kila upande. Hakuna 6 inayochorwa hivyo. Kwa kipimo cha wanaodai wenyewe, inapatikana 6, kitu kisicho tarakimu, na 6.

Kuna ushahidi mwepesi zaidi kwa asiyetaka kuhesabu mistari. Chini ya bakodi pamechapwa tarakimu 13. Fungua programu yoyote ya kusoma bakodi kwenye simu, uielekeze kwenye pakiti, usome inachokuandikia. Zitatoka zilezile 13. Kama mipaka ingekuwa 6 tatu, zingetoka 16.

Na ukiwa na kalamu, fanya hesabu ya uhakiki. Tarakimu ya mwisho haichaguliwi na mwenye bidhaa. Inatokana na zile 12 za kwanza. Tuseme namba ya kubuni inaanza 620123456789. Jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6 na 0 na 2 na 4 na 6 na 8 ni 26. Jumlisha zilizobaki: 2 na 1 na 3 na 5 na 7 na 9 ni 27, kisha zidisha mara 3 upate 81. Jumla ya yote ni 107. Ili ifike 110, kumi kamili inayofuata, inahitaji 3, basi tarakimu ya 13 ni 3. Mashine hufanya hesabu hiyo kila inaposoma. Ukiipachika 6 moja tu zaidi, namba inavuka tarakimu 13 na mashine inaikataa.

Hesabu hii hunasa kila kosa la tarakimu moja keshia anapoingiza namba kwa mkono. Hunasa pia karibu kila kosa la kugeuza tarakimu mbili zilizo jirani, isipokuwa zinapotofautiana kwa 5, kama 2 na 7, au 1 na 6.

Tarakimu tatu za mwanzo zina mkasa wake. Bidhaa za kampuni zilizosajiliwa Tanzania na GS1, shirika la kimataifa linalosimamia namba za bakodi, huanza na 620, na za GS1 Kenya huanza na 616. (Namba hiyo inaonyesha ofisi iliyotoa namba, si nchi ilikotengenezwa bidhaa, ingawa watu wengi huisoma hivyo.) Sasa, ile 6 ya kwanza, inayochapwa pembeni kabisa kushoto, haina mistari. Kweli haina. Bakodi huchora tarakimu 12 tu, na hiyo ya kwanza hufichwa katika mpangilio wa namna mbili za kushoto. Kwa 6 mpangilio ni namna ya kwanza, ya pili, ya pili, ya pili, ya kwanza, ya kwanza. Kwa hiyo mtu anayezisaka 6 kwa macho anaipita 6 ya kweli iliyochapwa mbele yake, kisha anaziona tatu mahali ambapo hazipo.

Na 616 ya Kenya ingeweza kuwatia hofu zaidi, kama wangejua. Katika baadhi ya nakala za kale za Ufunuo, hesabu ya mnyama ni 616, si 666. Imo katika kipande cha mafunjo kilichofukuliwa Oxyrhynchus, Misri, na Irenaeus, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliijua tofauti hiyo na kuiita kosa la wanakili. Wasomi wengi wa Biblia huieleza hivi: herufi za Kiebrania hutumika pia kama namba, na "Neron Kesari" kwa herufi hizo ni 50+200+6+50, halafu 100+60+200, jumla 666. Ukilifuata jina la Kilatini, "Nero" bila N ya mwisho, ukaliandika kwa herufi hizohizo za Kiebrania, unapunguza 50 na kubaki na 616. Kwa maelezo hayo, aliyelengwa ni mtawala wa Roma aliyekuwa akiwatesa Wakristo.

Tukiwa hapo hapo kwenye herufi: ile video inayodai kwamba alama za makucha matatu kwenye kopo fulani la kinywaji cha kuongeza nguvu ni herufi vav tatu za Kiebrania, na kwamba vav ni 6, inakosea hesabu. Vav ni 6, sawa. Lakini herufi hizo hujumlishwa, hazipangwi kama tarakimu zetu. Vav tatu ni 18. Ili kuandika 666 unahitaji herufi za 400, 200, 60 na 6. Hoja kwamba "www" ya intaneti ni vav tatu huanguka kwa sababu hiyohiyo.

Maandiko yenyewe yanasemaje? Ufunuo 13:16 yanataja chapa "katika mkono wao wa kuume, au katika vipaji vya nyuso zao", na mstari wa 17 unasema asiye nayo asiweze kununua wala kuuza. Chapa ni ya mtu, si ya paketi ya biskuti. Ni huko kununua na kuuza kulikoipa bakodi sifa mbaya, kwani ilikuja kukaa palepale penye biashara.

Historia yake haina giza. Wamarekani Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipata hataza ya wazo hilo mwaka 1952. Muundo uliokubaliwa mwaka 1973 ulibuniwa na George Laurer, mhandisi wa IBM. Tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi moja mjini Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ilipitishwa kwenye mashine kwa mara ya kwanza. Miaka michache baadaye wahubiri wa Marekani wakaanza kuihusisha na Ufunuo. Laurer aliulizwa sana juu ya 666. Alijibu kwamba ni sadfa tu, sawa na majina yake matatu, George, Joseph na Laurer, kuwa na herufi sita kila moja.

Hofu hiyo ilisafiri. Huko Urusi waumini wengi walizikataa namba za mlipakodi, mpaka tume ya teolojia ya Kanisa la Kiorthodoksi ilipokaa Februari 2001 na kueleza kwamba kuzipokea si dhambi. Nchini Kenya minong'ono ya aina hiyo ilisikika mwaka 2019 wakati wa kuandikisha Huduma Namba, namba ya utambulisho wa kitaifa, na baadaye ikahamia kwenye chanjo ya korona. Ujerumani kuna watengenezaji wa vyakula vya asili waliochora mstari wa mlalo juu ya bakodi zao ili kuondoa "nguvu mbaya". Mashine haikujali, kwa kuwa inatosha kusoma juu au chini ya mstari huo.

Kinachoizuia mashine kweli ni mambo ya kawaida. Mistari myekundu kwenye karatasi nyeupe haionekani, kwa sababu mwanga wa leza ya keshia ni mwekundu na rangi zote mbili huurudisha sawasawa. Mweusi juu ya nyekundu husomeka vizuri. Mkunjo wa plastiki hubadili upana wa mistari. Mchapaji akibana maandishi karibu mno hula weupe wa pembeni, ambao lazima uwe angalau vipimo 11 kushoto na 7 kulia, yaani takriban milimita 3.6 na 2.3.

Ukitaka kuzungumza na rafiki mwenye hofu hii, usianze na teolojia. Hofu yake haimgharimu kitu, maana soda nyingine ipo, na kuihoji mbele ya wenzake kunaonekana kama kupungukiwa imani. Basi fanyeni mkiwa wawili. Mwache achague pakiti mwenyewe, aisome kwa simu yake, ahesabu tarakimu. Kisha tafuteni bidhaa yenye 6 iliyochapwa katika nusu ya kulia, mtazame mistari iliyo juu yake, mwishowe mwombe akuonyeshe pengo pana linaloifuata jozi ya katikati. Akibaki na msimamo wake, hilo ni lake.

Ajiandae tu kwa QR, ile alama ya miraba inayotumika sasa kulipia dukani, kwa kuwa GS1 inataka mashine za maduka duniani ziweze kuisoma ifikapo mwisho wa 2027. Hiyo nayo ina vitu vitatu vinavyofanana: miraba mikubwa kwenye pembe. Ilibuniwa Japani na kampuni ya Denso Wave mwaka 1994. Pembe ya nne iliachwa bila mraba makusudi, kwani ingekuwa nao, kamera isingejua juu ni upande upi.